Dakika Tano za Asubuhi

Anayetaka kujua maana halisi ya kulichangamsha darasa na aje Ipelele mwezi wa Julai, saa moja na nusu asubuhi. Kata yetu iko juu milimani katika Wilaya ya Makete, Mkoa wa Njombe, na katika miezi ile ya kipupwe nyasi hupambazuka nyeupe kwa umande ulioganda. Mtoto wa darasa la pili hufika shuleni vidole vimekufa ganzi, mikono ameificha kwapani, na ukimpa penseli inamponyoka. Mwalimu hawezi kusema "Fungueni madaftari" akatii mtu. Lazima kwanza damu itembee. Tulipiga makofi, tukasugua viganja, tukaimba, tukahesabu kwa kuruka, na baada ya dakika chache mvuke wa pumzi za watoto ulikuwa umepanda hadi kwenye kenchi na darasa limeshika joto.

Kwa hiyo sisi walimu wa nyanda za baridi hatukungoja kuambiwa na mtaalamu kwamba somo nalo lahitaji kupashwa moto. Katika andalio la somo hatua hiyo inaitwa utangulizi, na aghalabu hupewa dakika 5 kati ya 40 za kipindi. Wengine huita kichangamsho, wengine chemsha bongo. Enzi zetu tuliita hesabu za kichwa, maana hesabu ndizo zilizozitawala dakika hizo. Nilianza kazi mwaka 1975 nilipotoka chuo cha ualimu, nikastaafu mwaka 2012, mwaka ule ule Mkoa wa Njombe ulipozaliwa kutoka Iringa, na sehemu kubwa ya muda huo nilikuwa mwalimu mkuu. Nimeanza vipindi visivyo na idadi. Leo nakiri kwamba kwa miaka mingi sikujua vema dakika zile tano zilikuwa za nini.

Kilichonifanya nishike kalamu ni kishikwambi. Msomaji atakumbuka kwamba Sensa ya Watu na Makazi ya tarehe 23 Agosti 2022 ilifanywa kwa vishikwambi, na kwamba baada ya kazi ile Serikali iliamua vyombo hivyo vigawiwe kwa walimu. Hata huku kwetu vilifika. Mjukuu wangu, ambaye naye amefuata njia ya chaki na anafundisha darasa la tatu katika shule moja ya huku, alipata chake. Akanunua kwa fedha yake spika ndogo ya kuchaji, akaanza kufungua kila kipindi cha hisabati kwa video fupi. Siku moja akaniambia, "Babu, njoo uone. Siku hizi hakuna tena kusinzia."

Nikaenda, nikakaa nyuma kwenye dawati la wale warefu. Watoto walikuwa 80. Mwalimu akakishika kishikwambi juu kifuani, ngoma ikalia kwenye spika, na darasa lote likainuka kama majani yaliyopigwa na upepo. Sitasema uongo: nilifurahi. Katika miaka yangu yote sijapata kuona watoto 80 wakiamka kwa sekunde kumi. Sauti ya binti mchangamfu ikaimba jedwali la tatu, watoto wakaimba naye. Kisha sauti ikauliza, "Tatu mara nne ni ngapi?" na papo hapo ikajijibu, "Kumi na mbili! Vizuri sana!" Ikauliza nyingine, ikajibu, ikasifu. Nikatazama saa yangu ya mkononi. Kati ya swali na jibu hazikupita sekunde mbili.

Nilijiuliza sifa ile alikuwa anapewa nani. Kioo cha kishikwambi hakizidi daftari kwa ukubwa, hivyo waliokuwa wakiona picha ni madawati matatu ya mbele. Waliobaki walifuata sauti. Kando yangu alikaa msichana mdogo mwenye sweta ya buluu iliyotoboka kiwiko. Alikuwa akipiga makofi kwa mpigo sahihi kabisa, na kinywa chake kilikuwa kikisema "mbili!" nusu hatua baada ya wenzake kusema "kumi na mbili!" Aliokota kipande cha mwisho cha kila jibu, akakirudisha hewani kwa furaha. "Vizuri sana!" ikasema spika.

Jioni mjukuu wangu alikuja nyumbani. Tukaota moto jikoni, akaniuliza, "Babu, umeonaje?" Nikamwambia kwamba darasa lake lina uhai kuliko langu lilivyopata kuwa. Akatabasamu, lakini ananijua. "Na lingine?" Nikanyamaza, kwa sababu lingine lilikuwa linanihusu mimi zaidi ya yeye, nalo sikuwa nimewahi kumsimulia. Ndilo ninaloliandika sasa.

Miaka michache baada ya kustaafu nilikuwa Makambako, pale barabara ya Njombe na Songea inapoachana na ile iendayo Mbeya, na reli ya TAZARA inapopita. Nilikuwa nikingoja basi. Mtu mzima mmoja, mnene, mwenye koti zuri, akanijia kwa haraka. "Shikamoo, Mwalimu." Nikaitikia marahaba, nikamtambua. Alikuwa mwanafunzi wangu miaka ya 1980. Sasa alikuwa akinunua viazi vijijini na kuvisafirisha, na malori mawili yaliyokuwa yakipakia hapo yalikuwa ya mzigo wake. Tukazungumza habari za nyumbani. Kisha akanivuta kando, akatazama huku na huku, akanipa simu yake. "Mwalimu, hebu niangalizie. Huyu amenitumia hela ya magunia 45, nami nimemwambia kila gunia bei fulani. Imetimia?"

Nikapiga hesabu, nikamwambia imetimia. Ndipo nikauliza, kwa mshangao wa kijinga wa mwalimu, "Lakini wewe darasani ulikuwa hodari wa kujibu. Nakukumbuka, sauti yako ndiyo iliyokuwa ikisikika."

Akacheka kwa adabu. "Mwalimu, mimi nilikuwa naimba tu."

Hakulaumu. Alisema kama mtu anayesema mvua ilinyesha. Lakini mimi nilipanda basi nikiwa nimebeba maneno yale, na sikuyatua hadi leo. Kwa miaka saba mtoto yule alipita katika shule niliyoiongoza. Kila asubuhi niliingia na hesabu za kichwa, nikauliza, darasa likajibu kwa sauti moja iliyotikisa mabati, nami nikageuka ubaoni nikiwa na hakika kwamba darasa langu linajua. Sauti ya kiitikio ilikuwa blanketi, na chini ya blanketi lile alilala mtoto ambaye hakuna aliyejua kama anapumua.

Mtu aweza kunitetea kwa kusema madarasa yalikuwa makubwa. Ni kweli. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kila mtoto aingie shule ifikapo mwaka 1977, na watoto waliingia kama mafuriko kabla walimu hawajapatikana. Lakini hesabu hii ni nyepesi, na nilipaswa kuifanya. Katika dakika tano mwalimu hodari huuliza maswali matano na kumtaka mtoto mmoja mmoja ayajibu. Kwa darasa la watoto 80, kila mtoto atafikiwa mara moja katika siku 16 za masomo, yaani wiki tatu na siku moja, na hapo ni ikiwa mwalimu hana vipenzi na anakumbuka zamu. Nani asiye na vipenzi? Wanaonyoosha mikono ndio tunaowataja. Anayejificha anajificha kwa msaada wetu.

Basi nikitazama kifaa chochote kinacholetwa kwenye dakika zile tano, swali langu ni moja: kinamfunua mtoto aliyejificha, au kinamwongezea blanketi? Kwa kipimo hicho naomba nivipitie baadhi ya vyombo vilivyoingia katika madarasa ya Afrika Mashariki, maana kishikwambi si mgeni wa kwanza.

Wa kwanza ilikuwa redio. Sisi tuliitumia, walimu wengi wa kizazi cha Musoma walifunzwa kazi wakiwa tayari wanafundisha, kwa masomo ya posta na vipindi vya redio, na shule nazo zilikuwa na vipindi vyake kutoka Radio Tanzania Dar es Salaam. Kilichonivutia zaidi, ingawa nilikijua baadaye, ni redio ya aina nyingine. Katikati ya miaka ya 1970 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford cha Marekani walikwenda Nikaragua kufundisha hisabati kwa redio, wakagundua jambo dogo lenye uzito: redio ikiuliza swali, inyamaze. Mtangazaji anauliza, kisha hewani kunakuwa kimya kilichopimwa, mtoto ajibu, ndipo jibu litolewe. Kenya walilichukua wazo hilo kufundishia Kiingereza katika madarasa matatu ya mwanzo kati ya mwaka 1980 na 1985. Zanzibar nao, mwishoni mwa miaka ya 2000, walikuwa na kipindi kilichoitwa Tucheze Tujifunze, cha watoto wa chekechea na madarasa ya awali, ambamo redio iliwaambia watoto wasimame, waruke, waguse, wahesabu, na ikawangoja.

Tazama basi: chombo kisicho na macho, kisichoweza kumwona mtoto hata mmoja, kilimheshimu kiasi cha kumwachia nafasi ya kufikiri. Waliokitengeneza walijua kwamba hakioni, ndiyo maana walikiachia kimya ili mwalimu aliye chumbani aone kwa niaba yake. Redio ikinyamaza, mwalimu anapita kati ya madawati. Kimya kile ndicho kilichokuwa fundisho lenyewe, na hakikugharimu betri zaidi ya kelele.

Mambo haya ya kimya yamechunguzwa. Mwalimu na mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, katika miaka ya 1970 alipima muda ambao walimu hungoja baada ya kuuliza swali. Akakuta kwamba kwa kawaida ni kama sekunde moja tu, kisha mwalimu ama hujijibu, ama hurudia swali, ama hurukia mtoto mwingine. Alipowafunza wangoje sekunde tatu au zaidi, majibu ya wanafunzi yakawa marefu zaidi, waliokuwa wakisema sijui wakapungua, na watoto waliodhaniwa wazito wakaanza kusema. Sekunde tatu! Niliposoma habari hizo nilikuwa nimeshastaafu. Nilijaribu kukumbuka kama nimewahi kungoja sekunde tatu katika hesabu za kichwa, na nilichokumbuka ni sauti yangu mwenyewe ikisema "Haraka! Haraka!"

Chombo cha pili ni video ya simu. Mwaka 2007 uliletwa nchini mradi wa Elimu kwa Teknolojia, uliokuwa umetangulia kujaribiwa Ufilipino kwa jina lingine. Mwalimu alipakua video fupi za hisabati, sayansi na stadi za maisha kwa simu ya mkononi, akaiunganisha na televisheni darasani. Wazo lilikuwa zuri, hasa kwa kuwa video zilikuwa fupi na ziliambatana na mwongozo wa kumwonyesha mwalimu la kufanya kabla na baada. Ubora wake haukuwa ndani ya picha. Ulikuwa katika yale ambayo mwalimu aliachiwa ayafanye picha ikishazimwa.

Kisha ikaja katuni. Tangu mwaka 2014 kipindi cha Ubongo Kids, kinachotengenezwa Dar es Salaam, kimewafundisha watoto hisabati na sayansi kwa nyimbo na visa, kwa Kiswahili kitamu kisicho cha kubabaisha. Nakipenda, na wajukuu wangu wadogo wanakipenda zaidi. Hata hao, tangu siku zao za mwanzo, waliona haja ya kumsikia mtoto: waliweka maswali ambayo mtoto aliweza kuyajibu kwa ujumbe mfupi wa simu. Lakini tusisahau kwamba kazi ile ilibuniwa kwa ajili ya mtoto aliyekaa mkekani nyumbani na dada yake. Ukiihamishia mbele ya watoto 80 kwa kioo cha ukubwa wa daftari, umechukua nguo ya mtu mmoja ukataka kuwavika ukoo mzima.

La nne ndilo lililonishangaza zaidi. Kati ya mwaka 2017 na 2019, katika vijiji takribani 170 vya Mkoa wa Tanga, watoto karibu 3,000, wengi wao wasiokwenda shule, walipewa vishikwambi vyenye programu za kujifunzia kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, na vituo vya kuvichaji kwa nguvu ya jua. Yalikuwa mashindano ya kimataifa yaliyoitwa Global Learning XPRIZE. Hapakuwa na mwalimu. Kabla ya kuanza, zaidi ya asilimia 90 ya watoto wale hawakuweza kusoma hata neno moja. Baada ya miezi 15 idadi ya wasioweza ilikuwa imepungua kwa nusu. Mwezi Mei 2019 tuzo ya dola milioni 10 iligawanywa kwa washindi wawili, Kitkit School na onebillion.

Mzee kama mimi angetarajiwa kuyadharau matokeo hayo. La hasha. Nayaheshimu, na nadhani najua siri yake. Kila mtoto alikuwa na chake mkononi. Kifaa kilimwuliza yeye, kikamngoja yeye, na asipojibu hakikuendelea. Hapakuwa na kiitikio cha kujifichia. Mtoto wa kijiji cha Tanga asiye na mwalimu aliulizwa maswali mengi peke yake kwa wiki moja kuliko yule mwanafunzi wangu wa viazi aliyoulizwa kwa miaka saba. Hilo linaniuma kuliandika.

Lakini hapo ndipo ilipo hitilafu ya mambo yetu ya sasa. Kishikwambi kile kile, ambacho mkononi mwa mtoto mmoja ni mwulizaji mvumilivu, kikiwekwa kifuani mwa mwalimu mbele ya watoto 80 kinageuka ngoma. Chombo ni kimoja, kazi ni mbili zinazopingana. Tunasoma habari za ushindi wa ile ya kwanza, tunaitumia kuisifu ile ya pili. Tunadhani tumepokea teknolojia mpya, kumbe tumeipa spika ile desturi yangu ya kale ya mwaka 1980.

Nisieleweke vibaya. Yapo mambo ambayo kishikwambi kinayafanya vema kuliko mwalimu yeyote. Watoto wa Ipelele hawajaiona bahari. Dakika moja ya picha inayosogea, wakipita makundi makundi kuitazama, yashinda nusu saa ya maneno yangu. Kwa matamshi ya Kiingereza, mwalimu aliyefundishwa na mimi, niliyefundishwa na mwingine aliyekosea, heri asikilize kinywa cha mwenye lugha. Na mwalimu wa vipindi saba kwa siku ana haki ya kupumzisha koo. Hata kumwamsha mtoto ni kazi halali, hasa huku kwenye baridi. Ngoma ile ilipasha moto miguu, nami nimesema tangu mwanzo kwamba miguu huanza.

Hoja yangu ni kwamba kuamka si kujua, na mwalimu asidanganyike na mchangamko. Mwaka wa masomo una siku 194. Dakika tano kwa siku ni dakika 970, yaani zaidi ya saa 16. Mwalimu akipoteza mbili kati ya tano kutafuta faili, kuiunganisha spika na kungoja kifaa kiwake, amepoteza zaidi ya saa sita kwa mwaka kwa kuwasha tu. Siku chaji imekwisha, au bando limekata, watoto wanakaa wakimtazama mwalimu kama waalikwa wa harusi isiyo na bwana harusi, kwa kuwa wamezoezwa kwamba somo huanza kwa spika.

Hayo yote nilimwambia mjukuu wangu usiku ule, pamoja na kisa cha Makambako. Alisikiliza huku akigeuza gogo motoni. Nilidhani atasema nimepitwa na wakati. Aliuliza tu, "Yule uliyekaa naye nyuma, mwenye sweta ya buluu, alikuwa anajibu?" Nikamwambia alikuwa akijibu "mbili." Akanyamaza muda mrefu, zaidi ya zile sekunde tatu.

Huku kwetu misindano ni mingi, na penye kupasua mbao hapakosi vipande vya kutupa. Wiki ile akaenda kwa wapasuaji, akaomba mabaki, fundi akayakata vibao 80 vya kiasi cha sahani, wazazi wakasaidia kuvipiga randa na rangi nyeusi. Hakukitupa kishikwambi, na mimi sikumtaka akitupe. Sasa ngoma inalia nusu dakika, damu inatembea. Kisha swali linaulizwa, naye anabonyeza, spika inanyamaza kabla haijajijibu. Watoto wanaandika kwa chaki, na anapohesabu tatu kimoyomoyo anasema "Inueni!" Vibao 80 vinapanda juu. Kwa mtupo mmoja wa jicho anaona nani ameandika 12, nani 7, nani ametazama kwa jirani, nani hakuandika kitu.

Nilikwenda tena mwezi uliofuata. Darasa lilikuwa na kelele pungufu, na nakiri kwamba mgeni angeliona limepoa kuliko siku ile ya kwanza. Msichana wa sweta ya buluu aliinua kibao kilichoandikwa 7. Alikuwa amejumlisha badala ya kuzidisha. Mjukuu wangu hakusema "vizuri sana," wala hakumkemea. Alipita karibu naye, akainama, akamchorea mafungu matatu ya vijiti vinne vinne pembeni mwa kibao, akaendelea na wenzake. Mtoto akavihesabu kwa kidole. Akafuta. Akaandika 12, akatazama huku na huku kutafuta nani amemwona.

Nilimwona mimi. Kwa hiyo nawaomba walimu vijana wanaopokea vishikwambi na vyombo vingine vitakavyokuja, kila asubuhi wakishaiwasha ngoma, waizime mapema, wangoje, na watazame madawati ya nyuma. Yule bwana wa viazi bado anapita Makambako. Nikimkuta hunisalimu vizuri, hunibebea mfuko hadi kwenye basi, na mara moja moja hunipa simu yake nimhesabie.